Kadi, mizizi, gazeti au kalamu: njia nne za kuongeza maneno mazito ya Kiingereza

Afisa wa Mtumba, hapa Dodoma, anayeandika ripoti za mradi kwa wafadhili, na kijana wa Chang'ombe aliyemaliza darasa la saba kwa Kiswahili kisha Januari akakuta fizikia, kemia na jiografia zote ziko kwa Kiingereza, hulalamika kwa sentensi moja: "Sina maneno." Lakini shida zao ni mbili tofauti. Wa kwanza huyatambua maneno mengi akiyasoma, ila hayamjii anaposhika kalamu. Wa pili hayatambui kabisa. Wakipewa dawa moja, mmoja wao atapoteza muda.

Dawa inayogawiwa sana ni ile ya "soma kamusi". Iwekwe kando mapema. Kamusi imepangwa kwa alfabeti, haikupangwa kwa umuhimu, kwa hiyo "abacus" inakutangulia kabla ya "allocate", na ukifika herufi C umeshachoka. Makundi ya WhatsApp ya "neno la siku" nayo yana kasoro hiyohiyo: leo "loquacious", kesho "serendipity", na wiki ijayo huna hata moja.

Kwanza, maneno yapi?

Neno gumu na neno la juu ni vitu viwili. Unaweza kusoma magazeti miezi mingi usikutane na "loquacious". "Assume", "significant" na "allocate" hayatishi mtu, lakini yamo kwenye mitihani, mikataba na taarifa za ukaguzi. Hayo ndiyo ya kutafuta kwanza.

Orodha mbili zinasaidia kuona tabaka hizi. Mwaka 1953 Michael West alitoa orodha ya maneno ya msingi yapatayo 2,000. Mwaka 2000 Averil Coxhead, huko Wellington, New Zealand, alipekua maandishi ya kitaaluma yenye jumla ya maneno kama milioni 3.5 kutoka fani za sanaa, biashara, sheria na sayansi. Akapata familia 570 za maneno ambayo hayamo kwa West lakini hurudirudi katika fani zote. Ndani ya maandishi hayo, maneno ya West yalichukua karibu asilimia 76, na familia hizo 570 zikaongeza asilimia 10. Familia hapa ni kama pika, mpishi, mapishi na upishi: "analyse", "analysis", "analyst" na "analytical" zinahesabiwa moja.

Jipime hivi. Chukua habari ya gazeti la Kiingereza, hesabu maneno 100, acha majina ya watu na mahali, kisha pigia mstari usiyoyajua. Rudia kwa habari mbili nyingine upate wastani. Ukikosa zaidi ya 15 katika kila 100, bado una kazi kwenye maneno ya msingi, na "maneno mazito" yasubiri. Ukikosa kati ya 3 na 15, uko hasa katika tabaka la Coxhead. Ukikosa mawili au pungufu, unachohitaji ni wingi wa kusoma na mazoezi ya kutumia.

Vigezo vya kulinganisha

Njia nne hapa chini zinapimwa kwa mambo yaleyale: muda zinaodai, gharama, kina (neno utalitambua tu au utalitumia?), mahali zinapokwama, na mtu zinayemfaa. Kina ndicho kinachosahaulika sana, na ndicho kinachowatenganisha yule afisa na yule kijana.

Njia ya 1: orodha na kadi

Unachukua orodha iliyopangwa kwa umuhimu, unaandika kila neno kwenye kadi, na unazirudia kadi kwa vipindi vinavyozidi kurefuka. Msingi wake ni wa zamani: mwaka 1885 mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alionyesha jinsi kumbukumbu inavyoporomoka haraka mwanzoni, na jinsi kurudia kunavyopunguza kasi hiyo. Sebastian Leitner ndiye aliyeufanya uwe boksi.

Gawa boksi la viatu vyumba vitano. Kadi za chumba cha kwanza zipitie kila siku, cha pili kila baada ya siku 2, cha tatu siku 4, cha nne siku 8, cha tano siku 16. Ukipata, kadi inasonga chumba kimoja mbele. Ukikosa, inarudi chumba cha kwanza hata kama ilikuwa cha tano. Hakuna huruma hapo, na ndiyo sababu inafanya kazi.

Muda. Orodha ya Coxhead ina orodha ndogo 10: tisa za kwanza zina familia 60 kila moja, ya mwisho ina 30. Kadi 10 mpya kwa siku, siku 6 kwa wiki, ni orodha ndogo moja kwa wiki, na yote inaisha ndani ya wiki 10. Kila kadi itapita mkononi mwako angalau mara 5, hivyo mambo yakishachanganya utakuwa na kadi 50 hadi 70 za kurudia kila siku. Tenga dakika 15 hadi 20.

Gharama. Manila moja ya ukubwa wa A1 ukiikata vipande vya sentimita 7 kwa 10 inatoa kadi 60, yaani manila moja kwa wiki. Mwenye simu ya Android anaweza kutumia Anki, programu ya kadi ambayo ni ya bure na haihitaji bando ukishaipakua pamoja na kadi zako. Toleo la iPhone linalipiwa. Anki huja ikiwa imewekwa kadi 20 mpya kwa siku, kwa hiyo ishushe hadi 10 kabla hujaanza. Kwa aliye kijijini Kondoa au Mpwapwa ambako chaji yenyewe ni ya kutafuta, boksi la viatu halizimiki.

Kina. Kutambua, tena kwa haraka. Kutumia kunategemea kadi ulivyoiandika.

Inapokwama. Kosa la kwanza ni kuandika neno moja la Kiingereza mbele na neno moja la Kiswahili nyuma. "Assume" ukiiandikia "kudhani", utasoma "the new chairperson will assume office on Monday" na kushangaa mwenyekiti anadhani ofisi. Hapo maana yake ni kushika madaraka. Mbele weka sentensi yenye pengo: "The council ______ two hundred million shillings to the new market." Nyuma weka "allocated", maana yake katika sentensi hiyo, yaani ilitenga, na maneno linalopenda kwenda nayo: "allocate funds, land, time to".

Kosa la pili ni kujifunza mapacha siku moja. "Adapt" na "adopt", "affect" na "effect" ukiziingiza pamoja zitagongana kichwani kwa miezi. Ziachanishe wiki mbili au zaidi.

La tatu ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tunabeba desturi hiyo. Kiingereza hakina desturi moja: "analyse" husisitizwa mwanzoni kabisa, "analysis" kwenye silabi ya pili, "analytical" kwenye ya tatu. Pigia mstari silabi yenye mkazo kwenye kila kadi, la sivyo utalijua neno kwa macho na kulipoteza kwa masikio.

La nne ni deni. Ukisafiri siku tano, kadi zinarundikana mpaka unaogopa kufungua boksi. Ukirudi, usiongeze kadi mpya hata moja mpaka deni liishe.

Inamfaa. Mwenye tarehe ya mwisho: mtihani, usaili, chuo kinachofungua.

Njia ya 2: mizizi na viambishi

Hapa mzungumzaji wa Kiswahili anaanza akiwa mbele, ingawa ni wachache wanaolijua hilo. Sisi tunaishi kwa viambishi. Anayejua kwamba soma huzaa msomaji, somesha, somo na usomaji hahitaji kufafanuliwa kwa nini "produce" inazaa "producer", "product", "production", "productive" na "productivity".

Hata yale yanayoonekana kuwa vurugu ya Kiingereza tunayo nyumbani. Kwa nini "inadequate" lakini "impossible", "illegal" na "irregular"? Ni kiambishi kimoja cha kukanusha kinachobadilika kufuata sauti inayokifuata. Kiswahili hufanya hivyo kwenye ngeli ya N: tunasema nyumba nzuri, lakini nyumba mbaya. Midomo ikijiandaa kutamka b, au p kwa Kiingereza, n inageuka m.

Mizizi mingi ya maneno mazito ni ya Kilatini na Kigiriki. "Spect" ni kutazama: "inspect", "spectator", "prospect", "retrospect", "perspective". "Dict" ni kusema: "predict", "contradict", "verdict". "Port" ni kubeba: "import", "export", "transport", "portable". Na kwa kuwa tuko Dodoma: mvinyo tuliupata kwa Wareno, "vinho", nao waliutoa kwenye Kilatini "vinum". Humo humo ndimo yalimotoka "wine", "vine", "vineyard" na "vintage". Anayepita kando ya mizabibu ya Makutupora au Hombolo ameshapata familia nzima bila kadi.

Muda. Viambishi awali 20 na mizizi 30 vinatosha kuanzia. Viwili kwa siku, ndani ya wiki tano umemaliza na umebaki na siku za kurudia.

Gharama. Daftari moja. Kila mzizi upewe ukurasa wake, na kila ukikutana na neno jipya lenye mzizi huo liongeze hapo. Ukurasa unaobaki na maneno mawili baada ya miezi mitatu ufute, maana mzizi huo haukufai.

Kina. Kubashiri na kutambua. Kutumia, kidogo sana.

Inapokwama. Mzizi hukupa dokezo, haukupi hukumu. "Invaluable" si kitu kisicho na thamani, ni kitu ambacho thamani yake haikadiriki. "Inflammable", neno linaloandikwa ubavuni mwa malori ya mafuta, halimaanishi kisichoshika moto. Lina maana ileile ya "flammable", kwa sababu "in" ya hapo ni ya kuingia, si ya kukanusha. Ukikosea hilo karibu na lori, kosa si la kisarufi tena.

Tatizo la pili ni kuunda maneno kwa kukisia. "Produce" hutoa "production", lakini "propose" hutoa "proposal", "accept" hutoa "acceptance" na "refuse" hutoa "refusal". Hakuna kanuni ya kukwambia ipi inachukua kiambishi kipi, kama vile mgeni wa Kiswahili asivyoweza kukisia kwamba aibaye huitwa mwizi na si mwibaji. Tumia mizizi kusomea. Ukitaka kuandika, hakiki kwenye kamusi.

Inamfaa. Zaidi ya wote, mwanafunzi wa afya na sayansi. Akishajua kwamba "cardi" ni moyo, "hepat" ni ini, "nephr" ni figo, "itis" ni kuvimba kwa kiungo na "ectomy" ni kukikata na kukiondoa, muhula mzima unapungua uzito.

Njia ya 3: kusoma kwa wingi

Hii ndiyo njia walimu wanaisifu na wanafunzi wanaikimbia, na wote wana sababu zao. Neno ukilikuta mara kumi katika sentensi kumi tofauti, unalijua kwa namna ambayo kadi haiwezi kukupa: unajua linakaa na maneno gani, lina hasira au heshima, linaandikwa gazetini au husemwa sokoni.

Lakini njia hii ina mlango, na mlango una kipimo. Mtafiti wa msamiati Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba ili kusoma riwaya na magazeti bila msaada, ukielewa asilimia 98 ya maneno, unahitaji familia 8,000 hadi 9,000. Asilimia 98 maana yake ni neno moja usilolijua katika kila 50. Ukishuka hadi moja katika 20 unasoma kwa jasho. Ukishuka zaidi ya hapo husomi, unafukua.

Muda. Dakika 30 kila siku. Kwa mwendo wa maneno 100 hadi 150 kwa dakika unapita maneno 3,000 hadi 4,500 kwa kikao. Usitarajie kuona tofauti kabla ya miezi sita. Safari ya SGR kwenda Dar es Salaam peke yake ni vikao kadhaa vya namna hiyo.

Gharama. Daily News na The Citizen zina habari ambazo tayari unazijua kwa Kiswahili, na hiyo ni faida kubwa kuliko inavyoonekana. Maktaba ya mkoa ina vitabu. Vile vilivyorahisishwa kwa ngazi, ambavyo kila ngazi ina idadi yake ya maneno, ndivyo vya kuanzia kwa anayekosa zaidi ya 5 katika 100. Maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg hutoa vitabu bure, lakini vingi ni vya zamani kwa kuwa haki zake zimekwisha muda. Ukivifanya chakula kikuu utaandika "hitherto" na "countenance" kwenye barua ya kuomba kazi.

Mbinu moja inayolipa hapa kwetu ni kusoma jambo lilelile kwa lugha mbili. Kila Juni hotuba ya bajeti husomwa bungeni kwa Kiswahili. Isikilize, kisha soma taarifa yake kwenye gazeti la Kiingereza. Mapato yatakuja kama "revenue", matumizi kama "expenditure", nakisi kama "deficit", malimbikizo ya madeni kama "arrears". Tozo ni "levy", kodi ni "tax", ushuru wa forodha ni "customs duty", tofauti ambazo kamusi ya haraka huzifukia. Unabashiri maana ukiwa na ushahidi.

Kina. Kutambua kwa kina, na kutumia kunakuja polepole chenyewe.

Inapokwama. Kufungua kamusi kila mstari. Weka alama kwa penseli na uendelee. Neno likikujia mara ya tatu, hapo ndipo ulitafute. Kinyume chake nacho kipo: macho kuruka kila neno geni mpaka ukurasa unaisha hujaokota kitu. Alama za penseli zinakinga hilo pia, kwa sababu ukurasa usio na alama hata moja katika kitabu kigumu unakusema.

Inamfaa. Asiye na haraka, na aliyevuka tabaka la kati.

Njia ya 4: kuandika na kusema

Chukua maneno matano kwa wiki, si zaidi, yale ambayo unayatambua lakini hujawahi kuyatumia. Jumatatu soma mifano mitatu ya kila moja kwenye kamusi ya wanafunzi. Jumatano andika aya ya maneno 120 kuhusu jambo lako la kweli, iwe taarifa ya kikao au maelezo ya shamba, ukitumia matatu kati ya hayo. Ijumaa ipeleke kwa mtu aisahihishe. Jumamosi yaseme kwa sauti, kwenye mdahalo ukiwa nao au kwa rafiki mnayekubaliana kusahihishana.

Muda. Saa moja na nusu hivi kwa wiki. Maneno ni machache, takriban 250 kwa mwaka, lakini ni yako kweli.

Gharama. Pesa kidogo, ila unahitaji msahihishaji, naye ni adimu kuliko pesa. Programu za kusahihisha zinasaidia ukiziomba zionyeshe kosa tu. Zikikuandikia upya sentensi nzima, kilichojifunza ni programu.

Kina. Kutumia. Njia tatu zilizotangulia hazifiki hapa kwa uhakika.

Inapokwama. Kiswahili kilichojificha chini. Ushauri, vifaa na taarifa kwetu vinahesabika bila shida, hivyo tunaandika "advices", "equipments" na "informations", na yote matatu si sahihi. Tunajadili kuhusu jambo, basi tunaandika "discuss about" badala ya "discuss" peke yake. Halafu kuna maneno tuliyoyakopa tukayabadili kazi. Trafiki kwetu ni askari, lakini "traffic" ni mwendo wa magari. Presha kwetu ni ugonjwa. Hotelini tunakwenda kula ugali, ilhali "hotel" ni mahali pa kulala. Mmarekani ukimwambia unalipia "tuition" ataelewa ada ya chuo, si masomo ya jioni.

Kosa jingine ni la hadhi ya neno. Mzungumzaji wa Kiswahili anajua kwamba mzee hufariki na ng'ombe hufa, wala hawezi kuvibadilisha. Kiingereza nacho kina ngazi hizo, na mtu aliyejifunza "commence" jana ataandika "we commenced lunch". Kabla ya kulitumia neno jipya, tazama kamusi ya wanafunzi imeliwekea alama ya urasmi au la.

Inamfaa. Anayeandika kwa ajili ya kazi.

Kwa hali yako

Kidato cha kwanza, kutoka shule ya msingi ya Kiswahili: anza na kadi za maneno ya msingi na istilahi za masomo yako, 10 kwa siku, pamoja na vitabu vilivyorahisishwa. Mizizi isubiri kidato cha pili, maana bila maneno ya mfano mzizi hauna pa kushika.

Mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), Chuo Kikuu cha St John's au Chuo cha Mipango: kadi za Coxhead kwa wiki 10 za muhula wa kwanza, kisha ziache na uhamie kusoma makala za fani yako. Uuguzi, udaktari na baiolojia waweke mizizi mbele ya kadi.

Mwenye mtihani wa Kiingereza wa IELTS baada ya wiki nane: msamiati ni kigezo kimoja kati ya vinne vyenye uzito sawa katika kuandika na kuzungumza, na kinachopimwa humo ni upana pamoja na usahihi wa matumizi. Gawa muda nusu kwa kadi, nusu kwa kuandika. Kusoma kwa wingi ni kuzuri, ila wiki nane hazitoshi kukivuna.

Afisa wa ripoti: njia ya nne, na maneno uyatoe kwenye ripoti zilizokubaliwa za ofisi yako mwenyewe, kwa sababu huko ndiko yanakotakiwa. Kadi zitakuongezea maneno ambayo tayari unayatambua.

Mwalimu wa Kiingereza: mizizi na kusoma. Utaulizwa "kwa nini" kila siku, na mizizi ndiyo inayojibu.

Mwenye dakika 10 tu kwa siku, zile za kusubiri daladala ijae: kadi 5 mpya badala ya 10, na zote zitoke kwenye orodha ndogo ya kwanza ya Coxhead. Akienda hivyo siku 6 kwa wiki, manila moja itamchukua wiki mbili.